CV ya kubadili fani: ya tarehe, ya ujuzi au ya mchanganyiko?

Kaka mmoja aliingia steshenari kwetu hapa Mwanga, Kigoma Mjini, akanipa fleshi. "Dada, badilisha tarehe tu iwe ya leo, kisha nitolee nakala kumi." Ndani ya fleshi kulikuwa na CV ya kurasa tano. Miaka tisa amegawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mradi umekwisha, na sasa anaomba kazi ya kutunza stoo kwa mkandarasi wa reli. Nikamuuliza neno "stoo" liko ukurasa wa ngapi. Akaanza kulitafuta kwenye skrini, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halikuwepo. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa umeliwa na dini, hali ya ndoa, malengo ya maisha na jina la shule ya msingi.

Watu wa aina yake wanapita sana hapa dukani. Kambi ya Mtendeli kule Kakonko ilifungwa 2021, na mapema 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, kazi za mashirika zikazidi kuwa chache. Upande wa pili kuna reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake na kampuni za Kichina ulisainiwa Desemba 2022. Reli haijengwi na mainjinia peke yao. Inataka watu wa stoo, madereva, wapishi, makarani wa mahudhurio. Kwa hiyo mtu anatoka fani moja anabisha hodi nyingine, na swali analokuja nalo ni la mpangilio: CV yangu niianze na nini?

Njia ni tatu. Ya tarehe inaanza na kazi ya mwisho na kurudi nyuma mwaka kwa mwaka. Ya ujuzi inaweka mbele unachoweza kufanya, kazi zenyewe zinatajwa kwa kifupi mwishoni au hazitajwi kabisa. Ya mchanganyiko inafungua kwa ujuzi unaohusu kazi unayoomba, kisha inashusha historia ya kazi kwa tarehe zake. Nimezichapa zote tatu mara nyingi, na sizioni kuwa sawa.

Ya tarehe: inaaminika, ila inakurudisha ulikotoka

Hii ndiyo ambayo kila mwajiri anaijua. Anaona ulianza lini, ukaacha lini, ulipanda au ulibaki palepale. Kama unabadili mwajiri lakini kazi ni ileile, mhasibu wa shirika anayekwenda kuwa mhasibu wa hoteli, usihangaike na nyingine. Tumia hii, upite.

Anayebadili fani inamponza. Anayesoma CV ana rundo mezani, na macho yake yanatua kwenye mstari wa kwanza wa kazi. Yule kaka mstari wake ulikuwa hivi:

*2016–2025: Msaidizi wa Ugawaji Chakula, Kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Majukumu: kuhakikisha wanufaika wanapata mgao kwa wakati na kwa heshima, kuhudhuria vikao vya uratibu, kazi nyingine utakazopangiwa na msimamizi wako.*

Hiyo "utakazopangiwa na msimamizi wako" imenakiliwa kutoka kwenye tangazo la kazi la 2016, bado inaongea na mwombaji. Naikuta kwenye CV nyingi kuliko unavyodhani. Lakini tatizo kubwa si hilo. Mtu wa reli akisoma "wanufaika" na "uratibu" anasema moyoni huyu ni mtu wa misaada, mzuri, lakini si wa kwetu. Hajui kwamba nyuma ya neno "mgao" kuna magunia, malori, leja na kufuli la stoo. Na si kazi yake kukisia.

Ya ujuzi: inavutia, na inatia shaka

Ukiomba ushauri mtandaoni kuhusu kubadili fani, mara nyingi utaelekezwa huku. Ficha tarehe, onyesha uwezo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Alikuja mwalimu wa shule ya binafsi aliyetaka kuwa afisa mikopo, nikampangia CV ya ujuzi tupu, yenye vichwa vya rangi na nyota tano tano pembeni: mawasiliano nyota tano, uongozi nyota nne. Aliitwa kwenye usaili, tukashangilia. Aliporudi alikuwa amenuna. Nusu saa nzima waliulizana naye miaka. Ulikuwa wapi 2019? Na 2021? Kwa nini hukuandika? "Dada yangu, walidhani nimetoka jela," akaniambia. Kosa lilikuwa langu. Alikuwa na miaka saba mfululizo kwenye shule mbili tu, na mimi ndiye niliyeificha.

Hilo ndilo doa la CV ya ujuzi. Msomaji wake hajiulizi tu kama unaweza. Anataka kujua ulifanyia wapi, nani alikuona, na kama yupo wa kupigiwa simu. Ukiandika "utunzaji wa stoo: uzoefu mkubwa, uongozi wa timu: mzuri sana, kompyuta: nzuri", umejisifu tu. Hata ambaye hajawahi kushika ufunguo wa stoo anaweza kuandika maneno hayohayo. Nyota ndiyo kabisa. Nyota nne kati ya tano za uongozi, nani alizihesabu?

Hata hivyo kuna mtu mmoja ambaye hii ndiyo inayomfaa, naye ni yule ambaye hajawahi kuwa kwenye orodha ya mshahara ya mtu. Ziwa Tanganyika liliposimamishwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, alikuja mzee mmoja fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Shikamoo mzee, marahaba binti, CV ni kitu gani? Alitaka kuomba kazi kwenye karakana ya mitambo. Ukimwandikia ya tarehe inakuwa mstari mmoja: "1998 hadi sasa: fundi, Kibirizi." Hapo lazima ujuzi utangulie, tena kwa vitu vinavyoshikika: injini za aina gani, ameshusha na kufunga upya ngapi kwa mwezi, anasoma kitabu cha mtambo au anasikiliza mlio, amefundisha vijana wangapi ambao leo wana vibanda vyao.

Lakini hata mzee huyo sikumwachia aende na karatasi ya kwangu tu. Nilimwambia apite VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, aulize kuhusu kurasimisha ujuzi. Ni utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, na akifaulu anapewa cheti, bila kukaa darasani miaka miwili. CV ya ujuzi yenye cheti cha namna hiyo nyuma yake inasimama. Isiyo nacho inategemea huruma ya msomaji.

Ya mchanganyiko: kazi yake ni nyingi, na ndiyo ninayoipendelea

Turudi kwa kaka wa Nyarugusu. Badala ya kuchapa, nilimpa kigoda. Nikamuuliza, lori likifika kambini unafanya nini? Akasema, "Si tunapokea tu." Nikamwambia niambie hilo "tu". Akaanza: unahesabu magunia mbele ya dereva, unalinganisha na hati ya mzigo, lililochanika unaliweka pembeni na kulifungasha upya, pungufu linaandikwa na dereva anasaini. Mafuta hayapangwi juu ya unga. Mzigo wa zamani unatoka kwanza. Jioni leja inafungwa, na mwisho wa mwezi stoo nzima inahesabiwa. Yote hayo hayakuwemo kwenye kurasa zake tano. Alikuwa ameandika kwamba anapenda kusafiri.

Tulichotoa kikawa hivi:

*Mtunza stoo na mgavi wa mzigo, uzoefu wa miaka tisa.*
*Kupokea: kuhesabu mzigo wa malori, kulinganisha na hati, kuandika pungufu na uharibifu na kusainisha dereva siku hiyohiyo.*
*Kutunza: kujaza leja na kadi za stoo kila siku, kutoa mzigo wa zamani kwanza, kuhesabu stoo nzima kila mwezi.*
*Watu: kusimamia vibarua 14 wa kupakua na kupanga zamu zao.*
*Historia ya kazi. 2016–2025: Msaidizi wa Ugawaji Chakula, Kambi ya Nyarugusu, Kasulu.*

Mtu ni yuleyule, na cheo chake halisi kipo palepale, hakikubadilishwa. Kilichohama ni kinachosomwa kwanza. Mwajiri akifika kwenye neno "kambi" tayari ameshaona mtu wa stoo, na tarehe zipo za kumtuliza.

Gharama ya njia hii ni kwamba huwezi kutoa nakala kumi. Sehemu ya juu inafuata tangazo, na kila tangazo lina yake. Anayeomba stoo leo na udereva kesho anahitaji vichwa viwili tofauti juu ya historia ileile. Wateja hawapendi kusikia hivyo, maana nakala ni pesa. Mimi nawaambia bora tatu zilizolengwa kuliko kumi za kugawa kama vipeperushi vya mnada.

Maneno ya kwenu na maneno ya kwao

Mpangilio bila kubadili maneno ni kuhamisha kitanda ndani ya chumba kilekile. Kila fani ina lugha yake, na ukikaa nayo muda mrefu unadhani ni Kiswahili cha kila mtu. Watu wa mashirika wana "wanufaika", "uwezeshaji", "jamii lengwa". Walimu wana "azimio la kazi" na "andalio la somo". Stoo ya mkandarasi haijui hata moja kati ya hayo. Inajua mzigo, salio, upotevu, zamu, usalama kazini.

Yule mwalimu wa mikopo alinifundisha zaidi ya nilivyomfundisha. Baada ya lile balaa la nyota tulikaa upya. CV yake ya kwanza kabisa ilisema alifundisha hisabati darasa la sita na la saba. Ni kweli, lakini meneja wa mikopo hafundishi hisabati. Nikamuuliza mambo mengine anayofanya shuleni. Kumbe kama mwalimu wa darasa ndiye aliyekuwa akifuatilia ada: wazazi zaidi ya 40, ada inalipwa kwa awamu, wengine ni wavuvi ambao hela yao inafuata mwezi, gizani wanavua, mbalamwezi ikiwaka hawana kitu. Alikuwa na daftari la nani ameahidi tarehe gani, na alijua wa kumpigia simu na wa kumfuata nyumbani Katonga. Sasa afisa mikopo ni nani kama si huyo? Hayo tukayapandisha juu, hisabati ikashuka, miaka yake saba ikaandikwa bila kificho.

Kuna mpaka lakini. Kutafsiri si kujipa cheo. Kama hukuwahi kujaza leja, usiandike leja kwa sababu tangazo limeitaja. Kigoma ni mji mdogo, aliyekuwa msimamizi wako na anayekusaili huenda wanaswali msikiti mmoja.

Ajira Portal: hapa huchagui

Wengi wanakuja na CV nzuri ya mchanganyiko na kusema, "Niingizie kwenye Portal." Huo ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi za serikali, nao una vyumba vyake: taarifa binafsi, elimu, sifa za kitaaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo, kompyuta, wadhamini. Unajaza kimoja kimoja, na uzoefu unakwenda kwa tarehe. CV unaambatisha, na barua ya maombi iliyosainiwa, na vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo peke yake hazipokelewi badala ya cheti.

Kinachoamua mchujo wa kwanza huko ni kama kozi uliyosoma ndiyo iliyotajwa kwenye tangazo. Tangazo likisema stashahada ya ununuzi na ugavi, na wewe una ya maendeleo ya jamii, hakuna mpangilio wa CV utakaokuvusha, hata ungekuwa umetunza stoo tangu enzi za Mjerumani. Matangazo mengi yana pia ukomo wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma. Kwa hiyo anayetaka kubadili fani kupitia serikali aanze na darasa, cheti kifuate, CV baadaye. Naliweka wazi kwa sababu nimeona watu wakilipia CV mara nne kwa kazi ambayo mfumo ungewakataa kwa kozi tu.

Kwenye sehemu ya uzoefu, hata hivyo, yale maneno mapya bado yana kazi. Kisanduku cha majukumu usikijaze "kazi nyingine utakazopangiwa".

Kinachoishikilia karatasi

Anayebadili fani anaulizwa ushahidi kuliko anayebaki. Vitatu ninavyovisisitiza ni hivi. Kwanza cheti cha utumishi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma. Wengi wanaondoka na barua ya kuagana na picha ya keki, cheti hawajakidai. Kidai wakati mradi bado una ofisi, kwa sababu mradi ukishafungwa hutajua umpigie nani. Pili, taarifa ya michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaonyesha miezi mwajiri aliyokuchangia. Mtu akitilia shaka tarehe zako, una cha kumwonyesha.

Tatu ni wadhamini. Kawaida wanatakiwa watatu, na watu wanaandika mkuu wa shule, mchungaji au shehe, na mjomba mwenye cheo. Kwa anayehama fani, angalau mmoja awe ameona ile kazi unayoiomba. Kwa kaka wa stoo hakuwa bosi mkubwa wa shirika. Tulimweka msimamizi wa malori aliyekuwa akisaini naye hati kila wiki. Na umpigie simu kwanza. Mdhamini anayeshtuka anapoulizwa juu yako anaharibu zaidi ya asiyekuwepo.

Pengo la mwaka mmoja au miwili lisikutoe jasho. Kama mradi ulifungwa ukarudi Mwandiga kulima michikichi, andika: kilimo cha michikichi, ekari kadhaa, kuuza mawese kwa wachuuzi wa Mwanga. Mstari mmoja. Nafasi tupu ndiyo inayozua maswali.

Mengine ni madogo. Kurasa mbili zinatosha. Dini, kabila na idadi ya watoto havina kazi pale. Lugha ifuate tangazo: la Kiingereza lijibiwe Kiingereza, na usione haya kutaja Kiha, Kirundi au Kifaransa cha kuombea maji kama kazi inagusa mpaka. Tuma kwa PDF, na faili liwe na jina lako. Nimeshapokea faili linaitwa "CV mpya mpya ya mwisho kweli 3".

Kwa hiyo uchague ipi?

Mimi huangalia nani anasoma kwanza. Akisoma mfumo wa serikali, ni tarehe, na nguvu zako uzipeleke kwenye cheti. Akisoma mtu wa fani yako ileile, ni tarehe pia. Akisoma mtu wa fani mpya, mkandarasi, benki, hoteli, kiwanda, mchanganyiko hauna mshindani kwa maoni yangu, alimradi kuna kazi za kuajiriwa za kuorodhesha chini. Ya ujuzi tupu nawawekea mafundi wa Kibirizi, akina mama wa biashara za mawese na dagaa, na vijana ambao bado hawajaajiriwa mahali, na hata hao nawadai cheti au mtu wa kuwasemea.

Yule kaka aliondoka na nakala tatu, kurasa mbili kila moja. Alilipa huku akinung'unika kwamba kurasa zake tano zilionekana nzito zaidi. Wiki iliyofuata akapiga simu: kuna nafasi bandarini kwa wakala wa mizigo, nimtumie ileile?

"Tangazo unalo?" nikamuuliza.

"Ninalo."

"Basi nisomee. Polepole."

Akaanza kusoma, na mimi nikafungua faili lake upya.